Gari limebonyea kama kopo ajalini: je, ni bovu? Fundi anataka kuliimarisha kwa vyuma na kuzima taa ya eabegi

Binti_Chumbageni

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limetugawa nyumbani tangu wiki iliyopita, na ambalo ni lazima tuliamue kabla fundi hajaanza kazi.

Mdogo wangu alikuwa akitoka Muheza kurudi Tanga mjini wakati wa magharibi, akiendesha gari dogo la Kijapani tulilolinunua likiwa limetumika. Alipokaribia Pongwe, bodaboda isiyo na taa iliingia barabarani kutoka njia ya vumbi, naye katika kuikwepa akagonga ukingo wa zege wa kalavati kwa upande wa mbele kulia, yaani upande wake mwenyewe. Anasema alikuwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa hivi, na hakuwahi kushika breki sawasawa.

Ukiliona gari utasema hakutoka mtu akiwa hai. Boneti imekunjika kama bati lililobebwa na upepo, bampa na taa zimesagika, na rejeta imerudi nyuma hadi imegusa injini. Hata hivyo mlango wa dereva ulifunguka kwa mkono, na kioo cha mbele kilipasuka chote bila kumwangukia. Eabegi ya usukani, yaani ule mfuko wa hewa, ilifumuka, ndani kukajaa vumbi jeupe na harufu kama ya baruti, kiasi kwamba waliokuja kusaidia walipiga kelele kuwa gari linaungua. Yeye ameteguka mtulinga na ana alama ya weusi inayoanzia begani hadi nyongani, mahali mkanda ulipopita. Shangazi yetu aliyekaa nyuma hakuwa amefunga mkanda. Alirushwa kwenye kiti cha mbele cha kushoto, ambacho kwa bahati kilikuwa kitupu, akavunjika mkono.

Sasa baba mkubwa anasema magari ya siku hizi ni makopo na kwamba tungekuwa na gari la zamani lisingebonyea. Mama anasema mkanda ndio uliomuumiza mwanawe. Fundi wa jirani ametupa bei nzuri: atainyoosha chasisi ya mbele kwa gesi, atachomelea bomba nene nyuma ya bampa ili gari lisibonyee tena, atarudisha mfuniko wa usukani bila eabegi na kuweka rizista, kipande kidogo cha umeme cha kuidanganya kompyuta ya gari, ili taa ya onyo izimike, na mkanda wa dereva, ambao tangu ajali umegoma kuvutika, atautoa na kufunga mwingine kutoka gari bovu.

Je, gari linalobonyea namna hii ni bovu? Na katika hayo anayotaka kuyafanya fundi, ni lipi tulikubali na ni lipi tulikatae?

MzeeWaMkonge

Binti yangu, poleni sana. Mimi nimeendesha Land Rover katika mashamba ya mkonge ya huko Hale na Korogwe kwa miaka mingi, na niliwahi kugonga mti nikarudi nyuma nikaendelea na safari, bampa ikiwa na mkwaruzo tu. Magari yale yalikuwa chuma kweli. Haya ya sasa ukiyasukuma kwa goti yanaingia ndani. Baba mkubwa wako hajakosea. Kama fundi anaweza kuongeza chuma, mwacheni aongeze, kwa sababu chuma hakijawahi kumdhuru mtu aliye nyuma yake.

Mhandisi_Raskazone

Binti_Chumbageni, pole kwako na kwa familia nzima. Mzee wangu MzeeWaMkonge, shikamoo. Naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu katika gari hilo lililobonyea mdogo wako alipewa kitu ambacho fundi, kwa nia njema kabisa, anataka kukiondoa.

Kwanza tukubaliane kwamba katika ajali ya namna hii kuna migongano mitatu, mmoja baada ya mwingine. Gari linagonga zege. Kisha mwili wa dereva, ambao bado uko katika mwendo wa kilomita 60, unagonga kitu kilicho mbele yake, iwe ni mkanda, eabegi au usukani. Kisha ubongo unagonga fuvu, na moyo na ini vinavutana na mishipa iliyovishikilia ndani ya kifua na tumbo. Huo wa tatu ndio unaoua watu ambao nje hawana hata mchubuko. Yote mitatu inategemea swali moja: mwili umesimamishwa katika umbali gani?

Sisi watu wa pwani tunalielewa jambo hili bila kalamu. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni sawa na mwendo ambao mtu anafika nao chini akianguka kutoka urefu wa mita 14 hivi, yaani kutoka juu ya mnazi mkubwa. Hata kilomita 50, ambazo ndizo kikomo chetu katika maeneo ya makazi, ni sawa na kuanguka mita 10. Nazi hiyo hiyo, kutoka mnazi huo huo, ikiangukia mchanga laini inabaki nzima, na ikiangukia jiwe inapasuka. Mwendo haukubadilika, kilichobadilika ni umbali wa kusimama, kwa sababu mchanga ulikubali kubonyea.

Mtu wa mwanzo kulichunguza hili kwa makini alikuwa Hugh DeHaven wa Marekani. Mwaka 1917, akiwa mwanafunzi wa urubani, ndege yake iligongana na nyingine angani naye akaumia vibaya tumboni, na akaona kwamba kilichomuumiza zaidi ni vitu vya ndani ya ndege vilivyokuwa mbele ya mwili wake. Mwaka 1942 alichapisha uchambuzi wa watu walioanguka kutoka urefu wa kati ya mita 15 na 46 wakapona, kwa sababu walichoangukia kilibonyea na nguvu ya pigo ikasambaa katika mwili. Kutoka hapo alitetea kwamba vyombo vya usafiri vinaweza kuundwa vimfanyie msafiri kazi iliyofanywa na ardhi laini ile.

Sasa tuhesabu ajali ya mdogo wako. Tuseme sehemu ya mbele ilibonyea sentimita 60. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi sifuri katika umbali huo, gari linachukua kama sehemu 72 kati ya 1,000 za sekunde, na mwili wenye kilo 70 uliofungwa vizuri unabeba kwa wastani mzigo wa karibu kilo 1,650. Ni mzigo mkubwa, ndiyo maana mtulinga umeumia, lakini kijana mwenye afya anauvumilia kwa muda huo mfupi. Mkichomelea lile bomba nene na gari likabonyea sentimita 10 tu, mzigo huo huo unakuwa karibu tani 10. Gari litatoka na mkwaruzo, kama alivyosimulia Mzee wangu, na aliye ndani hatatoka. Naamini kabisa kwamba Mzee aligonga mti ule, na kwa sababu alitoka salama naamini pia kwamba mwendo ulikuwa mdogo, maana njia za mashambani hazimruhusu mtu kukimbia.

Wazo la kulifanya gari libonyee mbele na nyuma, lakini chumba cha abiria kibaki kigumu, ni la Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz aliyeombea wazo hilo hataza mwaka 1951, na gari la kwanza lililoundwa hivyo likaingia sokoni mwaka 1959. Ugumu na ulaini katika gari vimepangwa. Mapua mawili ya chasisi, yaani mihimili ya chuma inayotokeza mbele, yamefanywa yajikunje kama mfuko wa kodiani unapobanwa. Nguzo zinazoshika milango, paa na sakafu vimefanywa visijikunje. Milango nayo ina chuma kilicholala ndani yake, kwa sababu ubavuni hapana nafasi ya kubonyea, ni sentimita chache tu kati ya bega na gari linalokuja. Umesema mlango wa dereva ulifunguka kwa mkono. Hiyo ni dalili nzuri kuliko zote ulizozitaja, kwa sababu inaonyesha kwamba chumba kilibaki na umbo lake wakati pua ikijitoa.

Kwa baba mkubwa, kuna jaribio ambalo naomba mlitafute kwenye intaneti mlitazame pamoja naye. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, inayogharimiwa na makampuni ya bima, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, kila moja ikiwa katika mwendo wa kilomita 64 kwa saa, zikigongana kwa sehemu ya mbele ya upande wa dereva. Bel Air ni gari kubwa, refu, la chuma kinachopendeza macho. Katika mgongano huo chumba chake cha abiria kiliporomoka, usukani ukasukumwa kuelekea kwa sanamu ya majaribio iliyokaa mahali pa dereva, na waliolipima walisema mtu halisi angekufa. Chumba cha Malibu kilibaki kama kilivyokuwa, na sanamu yake ilionyesha kuumia mguu. Mtu akiwa na shaka na hesabu zangu, aitazame picha ile.

Nije kwenye mkanda. Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, baada ya kufanya kazi ya kuunda viti vya kurusha marubani nje ya ndege, na kampuni iliwaruhusu watengenezaji wengine wote kuutumia bila malipo. Ubora wake ni kwamba unabana mifupa yenye nguvu, yaani mtulinga, kifua na nyonga, na kuliacha tumbo huru. Mwambie mama, kwa heshima, kwamba ule weusi unaoanzia begani hadi nyongani ni ramani ya mahali ambapo uzito wote ule ulipita. Bila mkanda usingepotea. Ungepita kwenye uso na kifua kwenye usukani.

Mkanda wa gari lenu, kama ni la miaka ya karibuni, una vitu viwili zaidi ndani ya roli lake. Kimoja ni kivutio chenye baruti kidogo, ambacho mara tu mgongano unapoanza kinaubana mkanda ili kuondoa ulegevu. Kazi hiyo kinaifanya mara moja tu katika maisha yake, ndiyo maana mkanda umegoma. Cha pili ni chuma kinachojisokota taratibu ili, nguvu ikizidi kiwango, mkanda uachie kidogo na mbavu zisivunjike. Hapa ndipo mpango wa rizista unaponitisha. Mkanda huo unaachia kwa kutegemea kwamba kuna eabegi inayomsubiri mtu upande wa pili. Ukiiondoa eabegi na kuacha mkanda wa namna hiyo, unamwachia dereva asogee mbele kuelekea usukani mtupu. Vitu hivi vilipimwa pamoja kiwandani, na kwa hiyo kuondoa kimoja kunaharibu kazi ya kingine.

Kuhusu vumbi jeupe, si moto. Sensa inapotambua mgongano, kidonge cha kemikali kinawaka na kutoa gesi inayoujaza mfuko katika muda wa sehemu 30 hivi kati ya 1,000 za sekunde. Kisha mfuko unatoa hewa kupitia matundu ya nyuma ili kichwa kipokelewe na kitu kinacholegea. Unga ule hupakwa ili kitambaa kisigandamane kikiwa kimekunjwa, na harufu ni ya kile kidonge. Maneno SRS yaliyoandikwa kwenye usukani yanamaanisha kwamba mfuko ni msaidizi wa mkanda. Anayekaa bila mkanda anaifikia eabegi wakati bado inafumuka, na inampiga kwa mwendo unaoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kataa bomba, kataa rizista, kataa mkanda wa gari lililogongwa. Kuhusu kunyoosha chasisi kwa gesi, ningependa fundi bodi aliyeko humu aseme, kwa sababu yeye anajua mkono wa kazi kuliko mimi.

FundiBodi_Makorora

Nimeitwa, na nashukuru kwa heshima hiyo. Nimekuwa katika kazi ya bodi na rangi hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20, na nitasema ukweli ambao baadhi ya wenzangu hawataufurahia.

Mapua ya chasisi ya mbele, ukiyaosha ukaondoa tope, utaona yana mikunjo midogo, matundu na vishimo vilivyopigwa kwa mashine. Nilipokuwa kijana niliamini vile ni udhaifu uliotokana na kubana matumizi ya chuma kiwandani, na nilikuwa navijaza kwa welding na kuweka kipande juu yake, kisha namwambia mteja kwamba nimempa gari imara kuliko alilonunua. Nilikuja kuelezwa na mwalimu mmoja kwamba vile vishimo ndivyo vinavyoliambia pua lianze kujikunja wapi, na lijikunje sawasawa badala ya kupinda kuelekea upande mmoja. Sikulala vizuri siku ile, nikiyakumbuka magari niliyoyatoa.

Kuhusu gesi: chuma cha magari ya sasa si cha aina moja. Kile cha nguzo na mapua kimepata nguvu zake kwa namna kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Ukikipasha kwa gesi hadi kiwe chekundu ili kikunyookee kirahisi, unapoteza nguvu ile, na kwa macho hutaona tofauti yoyote kwa sababu rangi inafunika yote. Pua lililojikunja kama la gari lenu halinyooshwi. Linakatwa mahali kiwanda kinaporuhusu, na kufungwa jipya au la gari lisilogongwa mbele, kisha mwili mzima unapimwa kwa vipimo vya msalaba ili milango na magurudumu vikae mahali pake. Kazi hiyo ni ghali, sikufichi, na pengine ikilinganishwa na thamani ya gari lenu mtaona heri kuliuza kwa vipuri. Huo nao ni uamuzi halali.

Rizista ni jambo la kawaida mno mjini, na linanisikitisha. Taa ile inapowaka na kuzimika yenyewe baada ya sekunde chache ukifungua swichi, kompyuta inakuambia kwamba imekagua na mfumo uko mzima. Anayenunua gari atazame hilo: taa isiyowaka kabisa inatia shaka sawa na ile isiyozimika. Nimewahi kufungua mfuniko wa usukani wa gari lililoletwa kupakwa rangi tu, nikakuta ndani kumejazwa vitambaa.

Eabegi ya mtumba nayo ina hatari yake. Wengi mmesikia habari za eabegi za Takata, kampuni ya Kijapani, ambazo kwa ajili yake magari mengi yaliitwa kurekebishwa duniani kote. Kemikali yake ilikuwa ikiharibika kwa kukaa miaka mingi katika joto na unyevu, kisha ikifumuka inapasua kikopo chake na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya hapa kila siku. Kabla ya kununua kipuri cha namna hiyo, na hata kwa gari ambalo halijagongwa, chukueni namba ya chasisi mkaitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, mtaona kama gari liko katika orodha ya yanayoitwa kurekebishwa.

DerevaWaHandeni

Nimewasoma kwa makini, lakini naomba kutofautiana kidogo. Sisi wa njia za Handeni na Kilindi tunakutana na ng'ombe usiku, na wakati mwingine nguruwe pori. Bila ngao ya mabomba mbele, rejeta inakwisha na unalala porini. Je, mnatuambia tuzitoe zote?

Mhandisi_Raskazone

Ndugu DerevaWaHandeni, swali lako ni la haki, na silijibu kwa wepesi, kwa sababu kulala porini nako kuna hatari yake. Kwa gari kubwa lenye chasisi ya ngazi, yaani fremu ya mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama kama ngazi, zipo ngao zilizotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya gari na kupimwa pamoja na eabegi zake, zenye viunganishi vinavyojikunja vikipata pigo kubwa. Hizo zinaweza kufaa kazi yako. Ninachokipinga ni bomba la kuchomelewa mtaani kwenye gari dogo. Linalivusha pigo moja kwa moja hadi kwenye chumba cha abiria, na linaichanganya sensa: ama eabegi inachelewa, ama inafumuka kwa kugusa jambo dogo. Na kuna mtu wa tatu ambaye hatujamtaja kabisa, mwenda kwa miguu. Boneti na bampa za sasa zimelainishwa pia kwa ajili yake. Ukimgonga mtoto kwa mabomba yale, goti na kichwa chake vinakutana na chuma kisichokubali kitu.

Muuguzi_Pangani

Naandika kama mtu ambaye amepokea majeruhi wa barabarani kwa miaka mingi. Binti_Chumbageni, kabla ya yote: kama mdogo wako akipata maumivu ya tumbo, kizunguzungu au tumbo kujaa, hata siku kadhaa baada ya ajali, arudi hospitali mara moja. Alama ya mkanda inapokuwa juu ya tumbo, badala ya kuwa kwenye mifupa ya nyonga, huwa tunaangalia sana ini, bandama na utumbo.

Hilo linanileta kwenye namna ya kuvaa. Kipande cha chini cha mkanda kilale juu ya mapaja, kigusane na mifupa ya nyonga. Cha juu kipite katikati ya bega na katikati ya kifua, kisipitishwe chini ya kwapa kama wanavyofanya akina mama wengi kwa sababu kinawasumbua shingoni. Mjamzito avae, na kipande cha chini kipite chini kabisa ya tumbo. Nimewasikia wengi wakisema mjamzito haruhusiwi mkanda. Si kweli, na imani hiyo imewagharimu watu.

Shangazi yenu alikuwa katika hali ambayo kwa kweli huwa inanitia huzuni kuliko zote, kwa sababu ni rahisi kuizuia. Tumezoea kuona mkanda ni wa walio mbele, pengine kwa kuwa trafiki huwatazama wao. Aliyekaa nyuma bila mkanda anaendelea na mwendo ule ule wa gari, anagonga kiti, na kama kiti kina mtu, anamgonga mtu huyo mgongoni. Kiti kile cha kushoto kingekuwa na abiria, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza uwezekano wa kufa kwa aliyekaa katika gari kwa hadi nusu.

Kuhusu watoto nitasema kwa mkazo. Kupakata mtoto si kumlinda. Chukueni hesabu ya Mhandisi: mtoto wa kilo 10 katika ajali ile ile anakuwa mzigo wa karibu kilo 235. Hakuna mama, hata awe na mapenzi kiasi gani, mwenye mikono ya kuushika mzigo huo. Na aliyepakatwa kiti cha mbele anakuwa mto kati ya dashibodi na mzazi wake. Kiti cha mtoto kifungwe nyuma. Kile kinachomwelekeza mtoto mgongo mbele kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifumuka unampiga kichwani kupitia mgongo wa kiti chake.

Jambo dogo la mwisho, kwa kuwa linafanyika bila senti: viegemeo vya kichwa. Kila siku naviona vimeshushwa hadi chini, au vimetolewa ili abiria wa nyuma waone mbele. Vimewekwa kwa ajili ya siku utakayogongwa nyuma, shingo isijipinde. Sehemu ya juu ya kiegemeo ifike usawa wa juu ya kichwa, na kichwa kiwe karibu nacho.

MzeeWaMkonge

Marahaba, Mhandisi. Nimeitazama ile picha ya magari mawili, kijana wangu alinifungulia kwenye simu, na nimeirudia mara tatu. Nilipougonga mti ule nilikuwa gia ya pili, unasema kweli, hata kilomita 20 sidhani kama zilifika. Miaka yote hii nimekuwa nikiwasimulia watu habari za bampa bila kuwaambia mwendo. Lakini nina mwenzangu ambaye alifariki katika gari la aina ile ile, kwenye barabara ya Segera, na gari lake lilivutwa likatengenezwa likaendelea kufanya kazi shambani. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja hadi jana usiku. Binti yangu, nilichokuambia mwanzo nakifuta.

Binti_Chumbageni

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimewasomea mama na baba mkubwa majibu yote baada ya chakula cha usiku, na tulipofika kwenye hesabu ya mtoto wa kilo 10 mama alinyamaza, kwa sababu mjukuu wake huwa anapakatwa mbele kila Ijumaa wanapokwenda Raskazone. Mdogo wangu amerudi hospitali leo kuangaliwa tumbo, na wamesema hana tatizo.

Tumemzuia fundi. Tunataka kwanza kujua gharama ya kufunga pua jipya, mkanda mpya na eabegi mpya ya dereva pamoja na kompyuta yake, na ikizidi uwezo wetu tutaliuza kwa vipuri na kumweleza mnunuzi wazi kwamba liligongwa. Swali langu la mwisho ni kwa FundiBodi_Makorora: gari limelala uani, na vijana wanataka kuanza kufungua dashibodi ili kuokoa redio na vitu vingine. Je, wanaweza?

FundiBodi_Makorora

Wasiguse. Eabegi ya dereva imefumuka, lakini ya abiria wa kushoto, kwa kuwa kiti kilikuwa kitupu na sijui gari lenu lina sensa ya uzito au la, inawezekana bado ni nzima na inaweza kufumuka usoni kwa mtu anayefungua. Chomoeni betri, waya hasi kwanza, kisha acheni gari likae dakika kadhaa kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono, kwa sababu kompyuta huhifadhi umeme kidogo wa kufumulia mifuko hata betri ikiwa imetoka. Waya na soketi zote za rangi ya njano zilizo kwenye usukani, chini ya dashibodi na chini ya viti, zisikatwe wala zisipimwe kwa taa ya majaribio. Nitapita Chumbageni Jumatano asubuhi nilikague bila malipo, na nitakuja na kipimo cha kusoma kompyuta tuone ni vitu gani vilifumuka na ni vipi bado viko hai.